Uliza Fundi: Programu iko tayari, kisanduku bado kimefungwa

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga. Pamoja na mdogo wangu tumetengeneza programu ya simu yenye video fupi za kuwafundisha watoto kusoma silabi. Wazazi wanaipenda, ila wanalalamika kwamba watoto hawaziachii simu zao, na wanaomba waione kwenye televisheni. Wengi wao wana kisanduku cha aina moja cha kuchomeka kwenye TV. Tulipoiandikia kampuni, tulijibiwa kwamba programu za watu wa nje zitaruhusiwa "hivi karibuni". Hiyo ni mwaka jana, mwezi wa tatu. Kila tukiuliza tena jibu ni hilo hilo. Ugumu uko wapi hasa? Na je, tuendelee kusubiri? — Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hongera wewe na mdogo wako.

Nianze na kinachofanyika ndani ya kifaa, maana sehemu ya ucheleweshaji huu ni ya haki kabisa. Shemeji yangu aliniletea Chromecast, kifaa kidogo cha Google cha kuchomeka kwenye TV, kutoka Marekani mwishoni mwa 2013, na nilikaa nayo usiku kadhaa dukani kwangu, Mtaa wa Aggrey, nikitaka kujua inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani simu ndiyo inayoirusha video kwenda kwenye TV. Sivyo. Simu inakipa kile kifaa anwani tu, kisha kifaa chenyewe kinafungua ukurasa mdogo wa wavuti uliotengenezwa na mwenye programu na kuvuta video moja kwa moja kutoka intaneti. Simu inabaki kuwa rimoti.

Sasa fikiria maana yake. Kumfungulia mtu wa nje ni kuruhusu ukurasa wa mtu usiyemjua uendeshwe sebuleni kwa mteja wako. Kabla ya hapo lazima uamue simu na kifaa vitaongea lugha gani, programu zitasajiliwa vipi, na yenye madhara utaizima vipi. Tena ukishaitangaza lugha hiyo umejifunga: ukiibadilisha kesho, kazi za watu wote zinavunjika.

Hilo limeshatokea. Chromecast ilitangazwa tarehe 24 Julai 2013 kwa dola 35, ikiwa na programu chache tu, zikiwemo YouTube na Netflix. Zana za kuundia programu zilitolewa, lakini kwa majaribio tu; hukuruhusiwa kuisambaza kazi yako. Mwezi uliofuata, Koushik Dutta, muundaji programu maarufu wa Android, alionyesha programu yake iliyokuwa ikipeleka video za kwenye simu hadi kwenye TV. Muda si mrefu sasisho la kifaa likaifunga njia aliyoitumia. Google ilieleza kwamba zana zilikuwa bado changa na zingebadilika. Na kweli zilibadilika: zilipofunguliwa kwa wote tarehe 3 Februari 2014, msimbo wa kipindi cha majaribio ulihitaji kuandikwa upya. Baadaye programu ya Dutta, AllCast, iliingia Chromecast kama nyingine zote.

Miezi sita na siku kumi. Kwa upande wa ufundi naona ni muda unaostahili. Ninachokipinga ni kwamba wakati wa kungoja, milango iliendelea kufunguliwa kwa wakubwa wa filamu na muziki: Hulu Plus na Pandora Oktoba, HBO GO Novemba, kundi jingine Desemba. Mtu mmoja chumbani kwake hakuwa na wa kumpigia simu. Kibiashara naelewa, kwa kuwa kisanduku hununuliwa kwa ajili ya filamu, na wenye filamu hutaka kwanza wahakikishiwe kwamba picha zao hazitanakiliwa. Lakini wewe mwenye silabi za watoto huna haki za Hollywood za kulinda, na unawekwa foleni moja nao.

Apple ni habari nyingine. Iliiuza Apple TV ya kwanza, kisanduku chake cha kuchomeka kwenye TV, Machi 2007. iPhone, iliyokuja miezi mitatu baadaye, ilipata duka la programu Julai 2008. Apple TV ililipata mwishoni mwa Oktoba 2015, zaidi ya miaka minane tangu kuzaliwa. Kampuni iliyokwisha kuendesha duka la simu kwa miaka saba haiwezi kusemwa kuwa haikujua namna. Hapo lilikuwa suala la kuamua, na mtu wa nje hawezi kuukadiria muda wa uamuzi wa mwingine.

Ndiyo maana nasema msisubiri. Mimi niliwahi kuingoja kampuni moja kwa miezi kumi na moja, na programu ya mashairi imekamilika mkononi. Kisha kisanduku chenyewe kikaacha kutengenezwa. Kazi ile haikuonekana na mtu hata mmoja, na bado inaniuma.

Fanyeni hivi. Video na menyu zenu ziwekeni kama kurasa za wavuti, programu ya simu iwe ganda tu. Chromecast inapokea kazi ya namna hiyo. Usajili wake ulikuwa dola 5 nilipojisajili mimi. Halafu tengenezeni toleo la Android TV, yaani Android ya kuendeshea televisheni, ambako watu wa nje wanaruhusiwa tayari, na waulizeni wazazi wangapi wana TV za aina hiyo. Huko hakuna kugusa kioo. Lazima mtangaze kwenye faili la maelezo ya programu kwamba kioo cha kugusa si sharti, la sivyo Play Store haitaionyesha kwenye TV. Mtoto wa miaka minne atatumia vitufe vya mishale na cha katikati tu, kwa hiyo wekeni picha kubwa nne kwa ukurasa, si kumi na mbili kama kwenye simu. Acheni nafasi ya karibu asilimia 5 kila ukingo, maana baadhi ya TV hukata pembe, na silabi iliyokatwa herufi moja itamfundisha mtoto makosa. Ijaribuni mkiwa mmekaa mita tatu kutoka kwenye kioo, na mtoto ndiye ashike rimoti.

Kampuni ile iandikieni mara moja tena, bila kuuliza "lini". Ulizeni kama mnaweza kusajili kisanduku kimoja, chenu wenyewe, kwa majaribio, na mtumiwe maelezo ya zana hata kama hayajakamilika. Wakikubali, kazi inaendelea huko kweli. Wakikwepa, msiwape hata wikiendi moja zaidi ya muda wenu.