Ukitoka Pwani Kuja Nairobi, Upe Mwili Muda

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda treni Mombasa asubuhi huingia huku mchana uleule, kabla mwili haujapata nafasi ya kuzoea chochote. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa kuwa jamaa wengi wanaokuja kusoma au kutafuta kazi hufikia kwangu, malalamiko ya wiki zao za kwanza nimeyazoea: pumzi inakatika, midomo inakauka, usingizi hauji vizuri.

Wengi hudhani kwamba hewa ya huku ina asilimia ndogo ya oksijeni, ilhali ni asilimia 21 vilevile kama Likoni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza mapafuni oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Mwili hujibu mara moja kwa kupumua zaidi na kuongeza mapigo ya moyo. Ukiwa umeketi huenda usitambue lolote. Utatambua siku lifti imeharibika na chumba chako kiko ghorofa ya tano.

Mabadiliko makubwa huja polepole. Ndani ya saa chache figo huanza kuongeza homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa na huhitaji madini ya chuma. Ndiyo maana huwahimiza wageni wangu, hasa wasichana, wale maini, ndengu na mboga za majani, na waache ule mtindo wetu wa kuteremshia chakula kwa chai, kwa kuwa chai huzuia chuma cha vyakula vya mimea kufyonzwa vizuri. Maji nayo wanywe ya kutosha, maana ubaridi wa Nairobi humsahaulisha mtu kiu. Jua pia lisidharauliwe kwa sababu ya ubaridi huo, kwani kadiri unavyopanda ndivyo miale yake inavyozidi ukali.

Wanaoumia zaidi ni wanaopenda mazoezi. Binamu yangu, aliyezoea kukimbia kwenye mchanga wa Bamburi kila alfajiri, alikwenda msitu wa Karura siku chache tu baada ya kufika na kuanza kwa mwendo wake wa pwani. Haikuchukua muda akawa ameshikilia mti, anatweta. "Kaka," akaniambia, "hewa ya huku wameimaliza wenyewe?" Nilimshauri asipime mwendo kwa saa bali kwa pumzi: akishindwa kuzungumza sentensi nzima, apunguze. Hata wanariadha bora hawakwepi sheria hii. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 jijini Mexico, kwenye mwinuko wa mita 2,240, mbio ndefu ziliwatesa wengi waliotoka nchi za tambarare, huku Wakenya waliokulia nyanda za juu wakitamba: Naftali Temu alishinda mita 10,000 na Kipchoge Keino mita 1,500. Hata hivyo, anayetarajia kwamba kuishi Nairobi peke yake kutamfanya mwanariadha anajidanganya. Wanaofanya mazoezi Iten, mji wa wanariadha huko Bonde la Ufa, wako juu zaidi, kama mita 2,400, na bado wanaamka alfajiri kukimbia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutousingizia mwinuko kila ugonjwa. Maradhi yanayoletwa na mwinuko kwa kawaida huanzia kama mita 2,500, kwa hiyo anayepatwa na homa, kutetemeka na kichwa kikali akiwa Nairobi atafute sababu nyingine. Vimelea vya malaria hukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla ya kuleta homa, hivyo mtu aliyeumwa na mbu Kilifi anaweza kuugulia Eastleigh. Apimwe mapema, na amweleze daktari waziwazi kwamba ametoka pwani hivi karibuni. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell), wa moyo au wa mapafu asingoje hata kuugua. Azungumze na daktari wake kabla ya kukata tiketi, na aulize pia atahudhuria kliniki gani akishafika.