Re: Alikuwa na ugonjwa wa moyo, je, askari wana kosa?

Salaam mkuu, na pole kwa msiba. Umeuliza: kijana amelazwa kifudifudi, pingu nyuma, goti mgongoni, akakata roho, askari wanasema moyo ulikuwa mbovu tangu zamani. Je, kesi imekufa hapo?

Haijafa. Mimi si wakili, ila nimefuatilia jambo kama hili la binamu yangu hapa Ujiji. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 203, inasema anayeharakisha kifo cha mgonjwa anahesabika amesababisha kifo. Kule Marekani, kesi ya George Floyd, aliyekufa akiwa amekandamizwa kwa goti la polisi, utetezi ulishika hoja hiyohiyo ya moyo na dawa za kulevya, na askari mwenyewe, Derek Chauvin, akatiwa hatiani Aprili 2021.

Cha kwanza kabisa: mmeshazika? Sisi tuliharakishwa tuzike kabla ya alasiri, sanda tayari, shehe yuko mlangoni. Mjomba akagoma mpaka daktari apasue. Ugomvi ule sitausahau, lakini michubuko ya mgongoni iliandikwa.

Halafu ombeni uchunguzi wa kifo mbele ya mahakama. Aliyefia mikononi mwa polisi ana haki hiyo. Waliomsikia akisema "napumua kwa shida" waandike maelezo leo, siyo baada ya arobaini.

Kuua kwa kukusudia msikimbilie, ni vigumu kuthibitisha. Kuua bila kukusudia kunatosha, adhabu yake inafika kifungo cha maisha.