Rege yenye Ngoma za Kigogo: Ushauri kwa Wanaoanza

Vijana wengi wa hapa Dodoma wanaotaka kupiga rege yenye asili ya kwao huanzia mwisho: hukamilisha wimbo wa rege, kisha humwita mpiga zeze aje kutia vionjo. Mimi nawashauri muanze na ngoma, kwa sababu rege ni muziki unaojua kuacha nafasi, ilhali ngoma ya Kigogo haikubali kubanwa pembeni.

Katika pigo la msingi la rege, pigo la kwanza huachwa wazi, dramu kubwa na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, hukutana kwenye la tatu, nalo gitaa la ridhimu hukatiza kwenye la pili na la nne. Muheme, ngoma ambayo kina mama wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana kwa mapaja, huchanganya mapigo ya tatu-tatu na ya mbili-mbili, kwa hiyo ukiilaza juu ya drams zilizojaa utapata kelele tupu. Mpiga drams aache mbwembwe, agawe kila pigo mara tatu kwenye hi-hati, yale matasa mawili yanayogongana, na besi isubiri.

Ilimba, ala ya Kigogo yenye vyuma vilivyopangwa juu ya kisanduku na kupigwa kwa vidole gumba, inahitaji uangalifu zaidi. Ngazi yake ya sauti haifuati kinanda, na sauti yake ya saba iko chini kidogo ya ile mnayoizoea. Msimsumbue mzee anayeipiga asogeze vyuma vyake ili alingane nanyi. Wekeni kinanda kando, mkaze au kulegeza nyuzi za gitaa mpaka ziifuate ilimba. Tena, mlio wa kukwaruza mnaousikia hutoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa kwa makusudi juu ya tundu la kisanduku. Fundi mitambo akitaka kuusafisha kwa kudhani ni hitilafu, mzuieni. Sikilizeni rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefanya kazi Bagamoyo, muone jinsi mlio huo unavyoibeba sauti ya mwimbaji.

Kuhusu mashairi, kulalamikia Babiloni, jina ambalo warege huuita mfumo kandamizi, kwa jumla hakumgusi mtu. Alpha Blondy wa Ivory Coast alipotoka mwaka 1982 aliimba kwa Kidiula, lugha ya huko kwao, kuhusu msako wa polisi, jambo ambalo watu wa Abidjan walilijua kwa macho yao. Ninyi mnaye mwanamke anayefukua mchanga wa korongo mwezi wa Oktoba ili apate ndoo moja ya maji. Mnaye mkulima wa zabibu anayepangiwa bei na mnunuzi kwa kuwa zabibu zikishaiva hazingoji. Elezeni nani anapanga bei hiyo na mkulima anabaki na nini. Ubeti ukiwa wa Kiswahili, kiitikio kikabaki cha Cigogo, yaani lugha ya Wagogo, ujumbe utavuka mkoa bila kuwaacha wenyeji.

Kabla ya kuchukua wimbo wa zamani, waulizeni wanaouimba, kwani nyimbo nyingine ni za jando na unyago, na si kila kitu kinachofundishwa humo kinastahili kusifiwa jukwaani. Tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino ni mahali pazuri pa kukutana nao. Mkikubaliana, andikeni mgawanyo wa mapato kabla ya kuingia studio, majina yao yawemo mnapousajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na walipwe siku hiyohiyo ya kurekodi, nauli ya kurudi kijijini ikiwa nje ya malipo hayo.