Kabla hujachimba lambo, funga ngitili

Msomaji mmoja wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ameniandikia. Ana ng'ombe 40, ekari 60 za urithi, na fedha za pamba za msimu huu. Anauliza achimbe lambo la ukubwa gani kabla ya mvua za Novemba, maana katapila ameshalipata. Swali hili hunijia kila mwaka, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine wasome: ndugu yangu, usianze na maji. Anza na nyasi.

Nasema hivi kwa uchungu. Kijijini kwetu ulikuja mradi, ukachimba lambo katikati kabisa ya ngitili ya jamii, yaani eneo la malisho linalofungwa ili nyasi zikue na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Ngitili ile ilikuwa ikifungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa Julai, kipande kwa kipande, na wazee ndio waliosema leo tuingie hapa, kesho pale. Hakuna aliyewauliza. Lambo likajaa, habari zikaenea, mifugo ikamiminika kutoka vijiji vyote vya jirani, na usiku ikawa haifukuziki. Palipokuwa na nyasi za kufika magotini pakabaki vumbi la kwato, na mvua zilizofuata zikalisomba vumbi lile lote na kulitupa ndani ya lambo. Leo mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Wenye mradi walishapiga picha zao wakaondoka. Ngitili iliyotunzwa na babu zetu ndiyo iliyolipa gharama.

Watu wa Shinyanga tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Misitu yetu ilifyekwa ili kuua mbung'o na kupanua pamba, kisha Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ikawatenganisha na ngitili zao. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000. Hazikurudishwa na katapila. Zilirudi kwa sababu kaya zilikubali kufunga, dagashida, baraza letu la jadi, ikaweka faini, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakahakikisha faini inalipwa.

Mimi nilifunga eneo langu tangu baba aliponiachia, wakati ndugu zangu wakitaka lote lilimwe pamba. Niliitwa mchoyo. Shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba nafuga nyoka. Niliwekewa kikao cha ukoo juu ya nyasi! Kiangazi kilichopita, hao hao walifika kwangu alfajiri kuomba malisho ya ndama wao. Niliwafungulia kipande, kwa ajili ya ndama na majike wanaonyonyesha, na hakuna hata mmoja aliyelifuta lile neno. Lakini ng'ombe wangu waliingia Desemba wakiwa na miili, na majike walishika mimba mvua zilipotulia. Hilo linanitosha.

Sasa hesabu, maana wengi wanachimba bila kuhesabu. Kiangazi ng'ombe wetu wa asili hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, tuchukue 40. Ng'ombe 40 ni lita 1,600. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba ni kama siku 150, yaani lita 240,000. Hilo ni shimo la mita 12 kwa 10, kina mita 2, kama maji yasingepotea. Yanapotea: kwa jua na upepo wa kwetu, kiangazi kimoja hunyanyua mita nzima ya maji au zaidi, achilia mbali yanayozama chini. Kwa hiyo chimba kwenda chini, usitanue. Lambo pana lenye kina kifupi ni la kuwanywesha mawingu.

Nyasi ndizo ngumu. Ng'ombe mmoja anahitaji kilo 6 hivi za nyasi kavu kwa siku. Wote 40 ni kilo 240 kila siku, na kwa siku 150 ni tani 36. Ngitili yako ikitoa tani 2 kwa hekta, nusu lazima uiache isimame, la sivyo mashina yanakufa na mwakani unavuna magugu. Ekari 60 ni hekta 24, kwa hiyo unazo tani 24. Ukifungua Julai, zinakwisha siku ya 100, Oktoba inaanza, na mbingu bado nyeupe. Lambo lako litakuwa na maji, na ng'ombe watakufa kwa njaa ukingoni mwake. Wenzetu wa Simanjiro, kule Manyara, walipoteza maelfu ya mifugo kwa ukame mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Msikilize aliyepitia kiangazi kile, halafu uniambie nyasi ni jambo la baadaye.

Gawa ngitili vipande, ingia kimoja, toka kabla hakijawa kipara. Kila asubuhi tazama kinyesi zizini. Kikiwa laini, nyasi bado zina nguvu. Kikianza kusimama kigumu, tabaka juu ya tabaka, protini imeshuka. Ikipungua chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinakosa chakula, na ng'ombe anaacha kula hata akisimama katikati ya nyasi. Hapo mpe mashudu ya pamba kidogo kidogo, ukianza na wenye ndama. Usingoje mpaka wainuliwe kwa mikono.

Lambo lichimbe mwaka wa pili, pembeni mwa ngitili, si katikati. Lizungushie miiba, ng'ombe asitie mguu ndani. Maji yatoke kwa bomba hadi kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea, nje ya uzio. Juu ya lambo, kwenye mkondo wa maji yanayoingia, chimba kishimo cha kunasa tope na ukizoe kila kiangazi. Na kabla ya yote hayo, nenda serikali ya kijiji ukapate hati ya haki miliki ya kimila, ipo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ukichimba maji kwenye ardhi isiyo na karatasi, wa kwanza kuidai atakuwa ndugu yako. Nilimwambia hivi jirani mmoja akacheka. Leo yuko baraza la ardhi.

Usichotaka kusikia ni kwamba lazima uuze. Najua wingi wa ng'ombe ni heshima, nami nimelelewa hivyo. Lakini kwa ekari 60 ningebaki na 25: wanakula kilo 150 kwa siku, na tani zako 24 zinawafikisha mwisho wa Novemba na siku kumi za akiba. Wale 15 wapeleke mnadani Juni, wakati bado wana mwili, uanze na madume wasiolima na majike ambao misimu miwili wamepita bila mimba.