Nalia nikiimba, lakini sado yangu imebonyezwa

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza maharage sokoni hapa Moshi, na kwenye kwaya naimba sauti ya kwanza. Nampenda Mungu; kuna nyimbo siwezi kuzimaliza bila kulia. Lakini sado ninayopimia imegongwa kitako kikaingia ndani, kama za wenzangu wote. Jumapili mchungaji alisoma Yohana 14:15, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu," nikahisi ananitazama mimi. Tena nina wifi yangu: hakosi ibada, hakosi zaka, haibi hata njiti ya kiberiti, ila watoto wakimwona wanajificha. Kati yetu nani anampenda Mungu? Si Mungu huangalia moyo?
Mwimbaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu huangalia moyo, ni kweli. Ila neno hilo Samweli aliambiwa alipokwenda kwa Yese kumtafuta mfalme; hakuwa anakagua vipimo.

Wifi yako yumo kwenye Luka 15. Ni yule kaka mkubwa aliyetumika miaka mingi bila kuvunja amri, kisha akagoma kuingia karamuni mdogo wake alipopokelewa. Baba alitoka nje kumsihi, wala hakumlaumu kwa utii wake. Mwache wifi na baba yake, tuongee yako.

Fungua Walawi 19. Mstari wa 18 tunaujua sote, umpende jirani yako kama nafsi yako. Sasa usifunge kitabu. Shuka mpaka wa 35 na 36 ukutane na mizani ya haki, mawe ya haki na efa ya haki. Efa ilikuwa chombo cha kupimia nafaka, yaani sado ya wakati ule. Huyo jirani wa mstari wa 18 ndiye mama anayekuja kwako jioni na noti aliyoikunja kwenye kanga. Na Mungu anamalizia kwa kuwakumbusha Waisraeli kwamba ndiye aliyewatoa Misri. Aliwatoa kwanza, habari ya vipimo ikaja baadaye, wakiwa watu huru. Kwa hiyo sikuambii ubadilishe sado ili akupende. Alishakupenda.

Mtazame na Zakayo, yule mtoza ushuru. Yesu alipomtembelea hakumpa amri yoyote kuhusu fedha. Mwenyewe alisimama akasema atakaokuwa amewadhulumu atawarudishia mara nne. Torati, kwenye Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na sehemu ya tano juu yake, basi. Mtoza ushuru anazidisha malipo kwa hiari yake! Hapo mimi huamini kwamba mtu amependa, maana mkono umefika mfukoni.

Najua unachohofia: sado kamili kwa bei ya wenzako ni hasara. Basi usiuze kwa bei yao. Nunua sado mpya, pandisha bei, umweleze mteja bila kuficha, na anayebisha mpe chombo akishike mwenyewe. Afadhali zaidi uweke mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uuze kwa kilo. Wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, sikudanganyi. Na jirani yako wa meza atakununia, kwa sababu wateja wakitoka kwako wataanza kuigeuza sado yake kitako juu kabla ya kulipa.