Kishaba cha jinsi kwenye boneti

Wadogo zangu, leo asubuhi nimewakuta soko la Karume mnapakia viroba vya matambara ya gereji kwenye guta: suruali za jinsi juu ya fulana, fulana juu ya mapazia, na mmoja wenu yuko kwenye simu, "Ni pamba tupu, bosi." Nilicheka, kisha tumbo likanikaza. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yenu.

1. Chambua kabla ya kuuza. Nilikuwa na mtu wa belo za mitumba aliyeniachia rijekti, nguo zisizouzika, kwa kilo, mafundi cherehani wawili wa kuchana, na gereji ya rangi Gerezani iliyotaka matambara. Karatasi ya makubaliano? Hakuna. Tulikuwa tunakula ugali sahani moja. Siku moja oda ilikuwa kilo 60, mafundi wamebanwa na sare za harusi, nikachana mwenyewe usiku. Vifungo nilitoa. Zipu nilitoa. Kile kishaba kidogo kinachobana kona ya mfuko wa jinsi sikukiona. Kesho yake fundi rangi akapiga: "Njoo." Hakuongeza neno. Nikakuta Harrier nyeusi, rangi ndiyo kwanza imekauka, na boneti lina mkwaruzo mweupe wa urefu wa mkono. Akafungua kiganja, shaba hiyo hapo. Nikamwambia wamekosea mafundi wangu. Ndiyo, nilisema hivyo, na mafundi hawakuugusa ule mzigo. Habari iliwafikia kabla sijarudi Ilala. Rangi niliilipa kwa miezi minne. Baada ya mwaka fundi mmoja alinirudia. Mwingine hadi leo ananipita kama mlingoti.

2. Andikeni nani analipa mzigo ukikataliwa. Nusu ukurasa wa daftari inatosha, na mtu wa belo naye atie sahihi, maana huyo ndiye hodari wa kuzima simu.

3. Kujua kama ni pamba, choma uzi: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuganda kama punje. Polista hainyonyi vizuri kama pamba. Usiitupe, kaulizie kwa mafundi sofa wa Keko.

4. Masika viroba vikae juu ya chaga.

5. Kwenye semina watawaambia huu ni uchumi wa mzunguko, yaani kutumia tena kilichotaka kutupwa. Sawa, kuleni chakula chao, ila mwenye gereji haulizi mzunguko, anauliza kama tambara linanyonya. Na wewe wa kwenye simu, kiroba chako cha tatu kina jinsi, nimekiona. Mpigie mwenye guta asimame kabla hajafika Gerezani.