Bastola ya .22: kwa shabaha ndiyo, kulinda duka hapana

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una duka la nyavu na vifaa vya uvuvi Kirumba, shabaha ulianza kuipenda ukiwa JKT, na sasa unataka kuomba kumiliki bastola ndogo ya .22 (yaani upana wa risasi yake ni kama inchi 0.22). Mwisho wa wiki uipigie shabaha, usiku ikulindie duka. Ukauliza pia Mwanza mtu anafanyia wapi mazoezi, na anunue ya aina gani. Wachangiaji waliotangulia wamekujibu kwa utani, wengine wanasema .22 ni ya kupigia ndege. Mimi ninayo, ya halali, na nilijifunzia Ujerumani nilipokuwa huko kwa kazi ya ufundi mitambo. Kule mtu wa shabaha anakaa kwanza mwaka mzima klabuni, anahudhuria kweli, ndipo aombe kibali cha bastola yake mwenyewe. Nilinung'unika sana wakati ule. Siku hizi nadhani walikuwa na haki.

La duka nilimalize haraka. Bastola ya shabaha ina kasiba ndefu, ni nzito upande wa mbele, mpini wake umechongwa ukumbatie kiganja cha mtu mmoja, na triga yake ni nyepesi. Ni chombo cha mtu aliyesimama akavuta pumzi akatulia. Mtu aliyeshtuliwa saa nane usiku na mlio wa bati hana utulivu huo, na triga nyepesi kwenye mkono unaotetemeka itamuumiza mlinzi wako kabla ya mwizi. Halafu .22 ina tabia ya kugoma. Kemikali inayowasha baruti haikai katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa zaidi ya 9 mm, imesambazwa ndani ya ukingo mwembamba, na mahali ilipopungua, nyundo ikigonga hapo kunasikika "tik" basi. Kiwanjani unasubiri sekunde 30 mdomo wa bastola ukiwa bado umeelekea shabaha, unaitoa ile risasi, unaendelea. Dukani hizo sekunde 30 nani atakupa? Nguvu nayo: kichwa cha risasi gramu 2.6, nishati yake kwenye bastola haifiki hata theluthi ya ile ya 9 mm. Sisemi haiui. Inaua, tena vizuri tu. Nasema duka linalindwa na taa, kufuli la maana, mlinzi aliyelipwa kwa wakati na majirani wanaoitikia. Wasukuma walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 silaha yao moja kubwa ilikuwa mwano, ile yowe inayoamsha kijiji kizima.

Sasa swali la wapi, na hapa naomba unisome polepole kwa sababu kuna mchangiaji amekushauri uende "kule kwenye mawe nyuma ya Luchelele, hakuna mtu". Usiende. Kwanza sheria: kumiliki silaha kwa kibali si ruhusa ya kufyatua popote unapojisikia, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mji wetu umejengwa juu ya jiwe, na jiwe ni adui wa mpiga shabaha. Risasi ya .22 ni risasi laini. Ikipiga granite uso kwa uso inapasuka na vipande vinarudi ulikosimama. Ikipiga kwa mshazari haipasuki, inateleza na kuendelea na safari yake, na hakuna anayeweza kusema imeelekea wapi. Boksi la risasi zenyewe lina onyo kwamba inaweza kufika zaidi ya kilometa moja na nusu. Chukua ramani, weka kidole Luchelele, pima kilometa moja na nusu kila upande, uone ni nyumba ngapi.

Mwingine amesema basi upige kuelekea ziwani. Hiyo ni mbaya kuliko ya mawe. Watoto wa Nyegezi wanavyorusha kijiwe bapa kikaruka juu ya maji mara tatu, mara nne, ndivyo risasi inavyofanya ikigusa maji kwa pembe ndogo, na huko mbele kuna mtumbwi wa mtu. Usiku usio na mbalamwezi angalau unaziona taa za wavuvi wa dagaa. Mchana mtumbwi mmoja kwenye mng'ao wa maji huuoni kabisa.

Kinachosimamisha risasi ni udongo laini au mchanga uliochekechwa mawe, tuta refu kuliko urefu wa mtu, pana, na nyuma yake pasipopitika. Mahali pa namna hiyo kwetu ni viwanja vya shabaha vya vyombo vya dola. Mimi napiga kwenye kimojawapo kwa ruhusa ya maandishi, siku wanayonipangia wao, chini ya msimamizi wao, na wakisema leo hapana narudi nyumbani bila maneno. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya bastola, nenda kaulize polisi wilayani kwako kama utapata pa kupigia. Ukiambiwa hakuna, usinunue. Utakuwa na chuma cha bei mbaya ndani ya sefu. Maombi yenyewe yanaanzia serikali ya mtaa, yanapita kamati za ulinzi na usalama na polisi, na wanakuangalia wewe ni nani hasa. Usimpe mtu hela "akusaidie kuharakisha".

Sasa tuje kwenye utamu. Watu wanadhani shabaha ni mkono usiotikisika. Mkono wa kila mtu unatikisika, hata wa bingwa wa Olimpiki. Siri ipo kwenye hesabu ndogo ambayo afande mmoja mstaafu pale kiwanjani huwachorea wageni mchangani kwa kijiti. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili vya kulengea: cha nyuma chenye mfereji, na cha mbele kinachoonekana ndani ya mfereji huo. Kutoka cha nyuma hadi cha mbele kwenye bastola ya mashindano ni sentimeta 22 hivi. Shabaha ipo meta 25. Mkono wote ukisogea milimita moja kushoto, bastola ikabaki imenyooka vilevile, tundu la risasi kwenye karatasi nalo linasogea milimita moja. Hasara hiyo hata huioni. Lakini kilengeo cha mbele kikisogea milimita moja ndani ya mfereji wa kile cha nyuma, ile milimita inazidishwa zaidi ya mara mia, na risasi inatua sentimeta 11 na ushee kutoka ulipokusudia. Duara la 10, lile la katikati lenye alama za juu kabisa, kwenye karatasi ya meta 25 lina kipenyo cha sentimeta 5. Umeshatoka nje, mkuu, na mkono wako hata haukutikisika.

Ndiyo maana macho yanakaa kwenye kilengeo cha mbele, si kwenye shabaha. Karatasi iache iwe na ukungu. Ni kazi ngumu sana kuizoea, kwa sababu jicho linataka kwenda linakopenda. Acha mkono uelee, wewe linda usawa wa vilengeo viwili, huku kidole kikiongeza uzito kwenye triga kidogo kidogo bila kusimama, mpaka mlio ukushtue kidogo. Ukisema moyoni "sasa!" umeharibu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu yatajikusanya chini kushoto, na utalaumu vilengeo wakati mwenye kosa ni kidole.

Dawa yake ipo. Mwenzako akujazie magazini huku akichanganya risasi za kweli na za bandia bila kukwambia ipi ni ipi. Kwa .22 ile plagi ndogo ya plastiki ya njano, ya kushikia skrubu ukutani, inafaa kabisa. Ukivuta triga juu ya plagi, bastola ikainama kwenda chini kama inasujudu, basi umejiona unavyoivuta mwenyewe. Faida ya .22 ni hii: teke lake, ile nguvu inayokusukuma nyuma, ni dogo kiasi kwamba halikupi kisingizio. Aliyeanzia 9 mm huogopa mlio na teke kwanza, kisha hutumia muda mrefu kuutoa woga huo. Ila masikio ziba, hata hii ndogo inavuka desibeli 140, na miwani uvae.

Kuna aliyeweka picha ya yule Mturuki Yusuf Dikeç wa Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, akasema jamaa alikuwa anadharau. Hakuwa anadharau. Kanuni zinataka mkono mmoja, na ule mwingine lazima uwe mahali usipoyumbisha bega, mfukoni ndipo wengi wanapouweka. Tena ile ilikuwa bastola ya upepo ya meta 10, duara la 10 ni milimita 11.5 tu. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakatoka na medali ya fedha. Ukiona .22 ni mlolongo mrefu, ya upepo ni shule nzuri vilevile, lakini nayo uliza polisi kwanza, usiiagize mtandaoni kama kiatu.

Kuhusu ununue ipi: sitakutajia moja, ila Ruger wamekuwa wakitengeneza .22 zao tangu 1949 na zimeenea, kwa hiyo vipuri na magazini za akiba si vigumu kupata. Hilo ni muhimu kuliko urembo wa mpini. Tafuta vilengeo vinavyorekebishika kwa bisibisi na triga isiyokwaruza. Wepesi usiukimbilie, mashindano ya kimataifa ya meta 25 yenyewe yanataka triga isipungue gramu 1,000. Kabla ya kufyatua tupu nyumbani, yaani bila risasi, soma kitabu chake, kwani kwenye .22 nyingi sindano inayogonga risasi hugonga ukingo wa chemba na kuula.

Na unyevu wa ziwa usiuchukulie poa. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi hushika maji na kutu huanzia pale. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ukitoka kiwanjani, weka kwenye sefu iliyofungwa boliti ukutani, risasi kwenye kasha jingine na ufunguo wake. Ukimaliza kupiga nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika sato wako, maana ile rangi ya kijivu vidoleni ni madini ya risasi, nayo ni sumu.